Tundu la Milimita Kumi na Nne

Siku ya kwanza nilipoingia karakana ya mabodi ya malori pale Isaka, msimamizi hakuitikia shikamoo yangu. Alinionyesha boriti iliyolazwa juu ya chuma cha chesisi, akanisogezea sanduku la biti, akasema, "Toboa." Nikachagua biti ya mbao, ile yenye ncha ya skrubu. Ilikata mbao bila shida, ikagusa chuma, ikakatika.

"Marahaba, ng'wanawane," akaitikia, yaani mwanangu. "Sasa umeanza kazi."

Yule mzee alikuwa mkali, lakini alijua kufundisha. Biti ya mbao, alisema, huishia karibu na chuma. Hapo unaitoa, unaweka biti ya chuma ya unene uleule, unatia oili kidogo na kuzungusha polepole. Chuma kikitoka nyuzi ndefu zilizojikunja, biti ina makali. Kikitoka unga na moshi, simama ukainoe. Tundu nalo lilingane na bolti.

"Bolti igongwe nyundo ndipo iingie," alikuwa akisema. "Ikiingia kwa vidole, umeharibu."

Miaka mingi baadaye nilikuwa fundi mwenye jina, nikaitwa machimboni Geita kufunga winchi juu ya duara, yaani shimo la wachimbaji. Miguu ya mbao ilifungwa kwenye vyuma kwa bolti za milimita kumi na mbili. Katikati ya kazi biti yangu ya kumi na mbili iliungua. Mkononi nilikuwa na ya kumi na nne, na mjini ni mbali. Nikatoboa nayo. Bolti zikaingia kwa vidole. Nikafunika matundu kwa washa pana, vile visahani vya chuma vya chini ya nati, nikakaza nati, nikapaka rangi. Nani angenikagua mimi?

Asubuhi iliyofuata wachimbaji walikusanyika. Mwenye duara, mama mmoja mpole aitwaye Mama Kulwa, akaninyooshea kamba.

"Karibu, fundi. Hapa kwetu aliyefunga winchi ndiye hushuka wa kwanza."

Desturi hiyo sikuijua. Nikacheka, nikidhani utani. Hakuna aliyecheka. Nikaweka mguu kwenye kitanzi cha kamba, nikaangalia chini.

"Mbona husogei, baba?"

"Mama Kulwa, bolti zinacheza. Nilikosea biti."

Wanaume wote wakanigeukia. Aibu ile sijawahi kuipata tena. Mama Kulwa akatazama zile washa, kisha akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Fungua zote."

Bodaboda ikaenda mjini kuleta bolti za kumi na nne. Nikazigonga moja moja kwa nyundo, kila mtu akitazama. Alasiri nikashuka hadi chini, nikapandishwa salama. Mama Kulwa akanipa mkono na kunishukuru kwa kusema ukweli.

Siku hizi nimestaafu, ninaishi Nyasubi, na mafundi huja kuniuliza habari za biti. Huwaambia yote haya. Nikifika kwenye shukrani za Mama Kulwa, wao hunisifu, nami huona haya. Asubuhi ile nilikuwa nimeshafunga sanduku langu kwenye pikipiki. Angeitwa mchimbaji badala yangu kushika ile kamba, ningeaga na kuondoka.