Zabibu za Mama Mdogo Koku

Wadogo zangu, mnisamehe mwandiko wangu na makosa ya herufi. Niliishia darasa la saba na huandika polepole, lakini jambo hili sitaki lipotee.

Nakumbuka sana mwaka ambao mama mdogo Koku alikamua zabibu zake kule Izigo apate mvinyo. Ndiyo, zabibu, huku kwetu kwenye ndizi na kahawa. Watu walimcheka, wakisema mvua zetu zitaziozesha. Yeye alizifunika kwa nailoni, akapunguza majani ili upepo upite, na kila asubuhi alikata kwa mkasi punje zilizoanza kuoza. Sijaona mkulima mwingine mwenye subira hiyo.

Kibanja kilikuwa cha baba mkwe wake, mzee Rwegasira. Alikwisha kusema kwamba mvinyo ukiharibika, mizabibu ing'olewe, ipandwe kahawa.

Zabibu zilipokamuliwa, kesho yake tu mzee akaja na bakuli la mtama uliokaangwa. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, mnajua, hukamuliwa leo, hutiwa mtama, na kesho inanyweka. Alitaka kufunua pipa atie mtama wake, eti mvinyo uamke.

Kwetu mke wa mtoto habishani na baba mkwe. Koku alipiga magoti akamsalimu, lakini mkono mmoja aliuacha juu ya mfuniko.

"Waitu tata, baba yangu, hii si rubisi. Nihukumu kwa kazi yangu, usinihukumu kwa mtama wako."

"Sasa tutakunywa lini? Nikishakufa?"

"Hufi, tata. Nani ataniambia kama ni tamu?"

Mzee akacheka, akaondoka na bakuli lake. Miezi ikapita, na kila akipita uani aliuliza kama kile kinywaji bado kimelala.

Siku ya kufungua, Koku alionja kwanza mbele ya wote, kama desturi inavyotaka, kisha akampa mzee kwa mikono miwili. Mzee akanywa. Halafu akauliza, "Na kule bondeni kwangu, mizabibu itakubali?"

Jioni hiyo nilimsifu mama mdogo. Akaniambia, "Mwanangu, mkubwa mpigie magoti, lakini kazi unayoijua usimwachie akuharakishie."

Nami nawaachia neno hilo. Mheshimuni kila mtu, na kazi yenu muilinde mpaka iive. Mungu awape mvua ya kiasi na mikono isiyochoka.

Kama kwenu yupo aliyepanda kitu kisichozoeleka, tafadhali niandikieni mnieleze.