Jiwe la Njia ya Kansay

Fundi ninayempelekea magari pale Karatu hasemi ubaya wa gari mbele ya mwenye gari, kama mfugaji asivyomkosoa ng'ombe wa mtu mwenyewe akiwa anasikia. Husikiliza tu. Huegemeza spana ndefu kwenye injini, ncha ya pili sikioni, akafumba macho. Jumatatu mimi na muuzaji tulimpelekea stesheni wagon ya mkono wa pili, yenye turbo, niliyotaka kuendea kazini kila siku. Aliisikiliza mpaka muuzaji akaacha kuongea. Vidole vyake vyeusi kwa oili vilikuwa vikigonga bodi taratibu.

“Mwalimu, bado unakaa Kansay?” akaniuliza.

“Bado.”

Akaenda nyuma ya gereji, akarudi na jiwe aliloliokota kwenye njia hiyo ya Kansay, ambalo hulitunza kwa kupimia kama gari itapita juu ya mawe ya huko. Akalisukuma chini ya gari. Likakwama kabla ya kufika katikati. Akalivuta, akalipangusa, akalirudisha mahali pake. Nikamshukuru muuzaji kwa muda wake. Alipotaka kufunga boneti, fundi akamzuia.

“Kaka, hebu iwashe tena kidogo,” akasema, spana tayari iko sikioni, macho ameshayafumba, akitabasamu kama anayesikiliza wimbo anaoupenda.