Damu ya Ndama wa Tumboni

Enzi zile za ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, machinjio ya Singida mjini yalinuka kuanzia barabarani. Nami nilikwenda pale na chupa zilizochemshwa na sindano ndefu, kungoja ng'ombe mwenye mimba.

Nilikuwa nasomea shahada ya pili. Nilikuwa nimechukua jeni ya kimelea cha ndigana, ugonjwa unaomaliza ng'ombe wetu, nikaipachika kwenye plasmidi, yaani pete ndogo ya DNA inayobeba jeni na kuiingiza ndani ya seli. Seli zenyewe zilitoka kwenye figo la ng'ombe. Zikiipokea, zingetengeneza protini ya kimelea, na huenda siku moja tungepata chanjo. Lakini seli hizo zinadeka: hazikui bila seramu, yale majimaji ya njano yanayobaki damu ikiganda, tena damu ya ndama aliye tumboni. Chupa yetu ya kutoka Ulaya iliharibika kwa mgao wa umeme. Msimamizi wangu akasema, "Wewe si wa Singida? Kwenu ng'ombe tele. Seli zikifa, shahada huna."

Kwetu Mgori ng'ombe mwenye mimba hachinjwi, hata njaa ibishe hodi. Nilidhani ningesubiri wiki nzima bure. Wapi! Zamani bwana mifugo alikagua kila jike na kuwarudisha wenye mimba. Sasa wachuuzi walikuwa wamejaa, kila mmoja na haraka yake, na hakuna aliyekuwa tayari kurudisha mali aliyokwisha kuinunua. Mchinjaji mmoja, gambuti zake zimetapakaa mavi, alinicheka.

"Dada, unataka wangapi? Hawa tunawatupia mbwa."

Mfuko wa uzazi uliburutwa sakafuni, juu ya kinyesi. Ndama alikuwa na kope tayari, na kwato za njano, laini. Damu yake huvutwa moyoni, na moyo sharti uwe bado unapiga. Niliusikia ukipiga kupitia sindano, mkononi mwangu.

Jioni nilipitia nyumbani na deli langu la barafu.

"Shikamoo, mama."

"Una nini humo?"

Nilimweleza, na chanjo nikaitaja mara mbili.

"Na mama yake?"

"Wamemchinja."

Hakuitikia shikamoo yangu. Alileta maji kwenye kopo, akayaweka mbali na mlango.

"Nawa kwanza. Na hilo lilale nje."

Seli zilipona. Zilikunywa ile seramu, zikatanda chupa nzima, na jeni yetu ikafanya kazi. Mimi kila nilipozitazama kwenye hadubini nilisikia harufu ya yale machinjio. Msimamizi alifurahi mno, akaniuliza nitakwenda lini tena. Nikamwambia safari hii aende mwenyewe, akaushike ule moyo.

Alikunja uso.

"Hapana, bwana," akasema. "Mimi damu inanitia kichefuchefu."