Sahani ya Barazani

Baba mdogo alirudi kutoka Ubelgiji na ini la mtu mwingine tumboni. Alikuwa mkubwa wa Chama hapa Kindu, kwa hiyo serikali ilimpeleka huko ini lake lilipoharibika. Akarudi katika nyumba ya baba yetu.

Nyumba hiyo aliichukua siku ya matanga ya wazazi wetu. Wanaume walizunguka sinia la wali. Sisi yatima akatuwekea sahani barazani, juu ya jamvi lililochakaa, kama wapita njia. Niliacha shule, nikawalea wadogo zangu kwa kuuza samaki bandarini.

Mkewe alipochoka kumuuguza akaenda kwao Kibombo, ndipo wazee wa ukoo wakaniita nimpikie. Nilikubali upesi.

Sikumtilia sumu. Nilimtunza. Dawa asubuhi na jioni, hata mbele ya wageni wake. Maji ya kuchemsha. Hakuna tunda lililokatwa sokoni, wala ile pombe kali ya lotoko aliyokuwa akiinywa kwa siri. Dawa zilimtetemesha vidole na kumwotesha nywele mashavuni. Akimwaga chai, nilifuta. Akaniita askari wa gereza.

"Munganga njo alisema," nilimjibu kila mara, nikimtaja daktari wake.

Akapata nguvu, akawa anatembea mpaka stesheni na kurudi. Lakini alikula peke yake, kwa kuwa alikatazwa chakula cha mikono mingi, na hilo ndilo lililomuuma. Kwetu, asiyetia mkono katika sinia si mwenzetu.

Siku ya Idi wazee wa ukoo walikuja. Akanifuata jikoni, akaniomba kwa sauti ya chini nimwache ale nao, leo tu. Bila neno langu hakuna mzee ambaye angemkaribisha. Wote waliogopa kulaumiwa akifa.

"Baba mudogo, kwanza uwaambie hii nyumba ni ya nani."

Akatoka. Nilimsikia akisema, "Nyumba njo ya watoto wa marehemu mukubwa wangu. Mimi niliichukua tu." Mzee mmoja akajibu kwamba hilo walilijua tangu zamani.

Nikaweka sinia katikati yao. Kisha nikatandika jamvi barazani, nikaweka sahani yake iliyofunikwa, na dawa kando yake.

"Binti yangu, ulisema..."

"Niliuliza nyumba, baba. Sikusema utakula. Munganga alikataza."

Alikaa, akala. Nilisimama mlangoni mwa nyumba yetu mpaka akamaliza tonge la mwisho, kwa sababu nilitaka aishi miaka mingi.