Maji ya Bahari kwa Miguu ya Juju

Sisi tuliokua Kanyakine miaka ile baada ya uhuru, redio ya shule ikianikiwa betri juani ili ipate nguvu, tukitaka kusafiri tuliuliza watu. Na kwa kuwa hakuna hata mmoja kijijini aliyewahi kuiona bahari, tulijibiwa na watu wasiojua lolote, tena kwa uhakika mkubwa.

Haya yamenirudia kwa sababu Makena, binti wa mdogo wangu Kananu, anayesoma chuo kikuu pale Embu, alienda Lamu juzi na wenzake. Alinionyesha simu yake: wapi pa kulala, nini cha kula, mafuta gani ya kujipaka jua lisimbabue. Akaniambia, "Anti, kila kitu kiko hapa." Nikacheka mpaka nikashika mbavu, maana nilikumbuka mashauri tuliyopewa sisi.

Kwaya yetu ya shule ya msingi ilikuwa imeshinda mashindano ya mkoa pale Embu, tukaambiwa tutaimba Mombasa. Kananu alikuwa mdogo kuliko wote, lakini sauti yake ilipanda mahali ambapo zetu zilikatika, kwa hiyo ilibidi aende. Basi mashauri yakaanza kumiminika. Bebeni maji ya kunywa, kule yote ni chumvi. Bebeni sweta, maji mengi hivyo lazima yalete baridi. Jipakeni mafuta ya kupikia, tena mengi, msije mkaonekana wakavu mbele ya watu wa pwani. Tukatii yote. Tulipanda lori la chama cha kahawa na mitungi ya maji ya mto Mariara, vyondo vya nduma na viazi vitamu, na sweta nzito za shule, tunang'aa kama sufuria mpya.

Nyanya yetu, ambaye kwetu tunamwita Juju, alikuwa na miguu iliyomuuma miaka mingi. Mtu fulani alimwambia maji ya bahari ni dawa. Akaosha chupa ya dawa ya kikohozi, akamkabidhi Kananu. Mama naye alinivuta kando, akaukamata mkono wa Kananu na kuutia ndani ya wangu. "Karimi, nakupa mtoto huyu mkononi. Mkono huu usifunguke." Mama hakuwa mtu wa kurudia neno. Safari nzima nilimshika Kananu mpaka akalalamika kwamba hawezi hata kujikuna.

Kutoka Nairobi tulipanda treni, na asubuhi Mwalimu Mbaabu, aliyetufundisha jiografia na kwaya pia, akasimama akatutangazia kwamba sasa tuko kisiwani. Kananu akachungulia dirishani. "Mwalimu, kisiwa chenyewe kiko wapi? Mimi naona maduka."

Weuwe, lile joto! Sweta tulizivua kabla ya kutoka stesheni. Nduma zilishaanza kuteleza ndani ya vyondo. Tuliposimama kuimba, yale mafuta yakayeyuka yakatushukia machoni, tukaimba huku tunalia, na watu wa pwani wakadhani wimbo wetu ni wa msiba. Hatukushinda chochote.

Kesho yake Mwalimu akatupeleka ufuoni. Hapo ndipo ninapotaka unisikilize vizuri.

Bahari ilikuwa imekwenda mbali kabisa, imeacha mchanga mpana na vidimbwi. Mwalimu alifanya kile ambacho kila mzazi wa kwetu hufanya kabla ya kumruhusu mtoto kuingia mtoni: aliinua macho. Kwetu mto haujai wenyewe. Ukiona Mlima Kenya umefunikwa weusi, unatoka majini mbio hata kama jua linawaka ulipo, kwa sababu mvua ya huko juu iko njiani. Nasi tukainua macho. Mlima haukuwepo, mbingu ilikuwa safi. Mwalimu akasema, "Hakuna mvua. Maji hayawezi kujaa. Ingieni tu." Mtoto wa pwani angetucheka mpaka aanguke.

Kananu aliyakataa maji ya karibu. Yalikuwa na mchanga. "Juju hawezi kupewa matope," akasema, akaendelea mbele, nami nyuma yake, na karibu kwaya nzima nyuma yangu. Tukafika kwenye kilima cha mchanga karibu na miamba, maji maangavu kama ya chemchemi. Akajaza chupa, akaifunga kwa meno. Tulipogeuka, ile njia tuliyoipita tukilowa vidole tu ilikuwa imekuwa mto. Maji hayakuja kutoka mbele tulikokuwa tukitazama. Yalituzunguka kwa nyuma, kimyakimya, bila tone la mvua.

Nilijaribu kuingia, yakanifika kiunoni na kunisukuma. Kama mimi yananifika kiunoni, Kananu je? Msichana mmoja akaanza kusali kwa sauti. Kananu akanitazama akaniuliza, "Tutafika nyumbani?" Nikaukaza mkono wake. Niliogopa sijawahi kuogopa hivyo tena, hata siku za kujifungua.

Ndipo tukamwona Mwalimu anaingia majini na koti lake, anapiga kelele kwa Kimeru: "Kama Mariara! Vukeni kama Mariara!"

Ilitosha. Hakuna mtoto wa kwetu asiyejua kuvuka Mariara ukifurika. Mnashikana vifundo vya mikono, si viganja, maana kiganja huteleza. Warefu wanakaa upande maji yanakotoka, wadogo katikati. Miguu haiinuliwi, inaburutwa chini. Hakuna kusimama. Tukajipanga bila kuambiwa zaidi, tukaingia. Kananu alinyanyuliwa na maji, miguu yake ikaelea, lakini kifundo kimoja nilikuwa nimekishika mimi na kingine amekishika mwenzangu, na mkononi mwake chupa ya Juju bado imesimama wima.

Tulipofika mchangani Mwalimu alituhesabu, akatuhesabu tena, kisha akaketi na suruali yake iliyolowa, akacheka huku machozi yanamtoka. Nasi tukacheka. Sijawahi kuupenda mchanga namna ile.

Nyumbani, Kananu alieleza yote kabla hajashuka kwenye lori. Nilingoja kofi. Mama aliuchukua mkono wangu akaugeuza, akaona alama za kucha za mdogo wangu. "Haukufunguka," akasema, akaingia jikoni kutuletea uji wa wimbi. Juju alijipaka maji yake jioni kwa jioni, na akatuapia kwamba miguu imekuwa myepesi kama ya msichana. Nani angembishia?

Siku hizi vijana hawaulizi mtu. Wanasafiri na miwani ya jua mingi kuliko nguo, na chakula lazima kipigwe picha kwanza. Lakini niseme ukweli: siku Makena alipokuwa Lamu, mama yake alishinda na simu mfukoni mwa aproni, hapiki, hakai. Kisha ikalia. "Mama, tumeshatoka majini. Simu inasema bahari inaanza kujaa saa nane, nimeangalia tangu asubuhi." Kananu akaketi juu ya gunia la viazi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Simu ile niliyoicheka! Makena akaendelea, "Nikuletee nini? Maji ya bahari kama ya Juju?"

"Usilete hata tone," Kananu akamjibu. "Niletee huo mkono wako tu."

Aliporudi, Makena alimpa mama yake kiganja, vile wanavyosalimiana watu wa sasa. Kananu alikipita, akamshika kifundo, akamwongoza hivyo hivyo kutoka barabarani mpaka jikoni. Mtoto akaniuliza kwa macho mama ana nini. Simu yake inajua bahari inarudi saa ngapi, na namshukuru Mungu kwa hilo. Ila namna ile ya kushikana, ilibidi afundishwe na mama yake, na alikuwa hajui kwa nini inauma kidogo.