Nyamazeni na Meza ya Chakula

Umma unatangaziwa kwamba mtu aliyeapa kuurudishia muziki heshima yake yu hai, ana kitambi kidogo, na anaishi kwa hisani ya mke wake. Kazini ni fundi wa lifti. Nyumbani wanamwita Nyamazeni, kwa kuwa neno hilo analitamka mara nyingi kuliko salamu.

Nyamazeni hutengeneza visanduku vya kugeuza namba kuwa sauti. Wimbo ulio ndani ya simu ni namba tupu, atakueleza hata usipomuuliza. Simu huzigeuza namba hizo ovyo ovyo, kisanduku chake huzigeuza kwa adabu. Kwa ajili ya adabu hiyo meza ya chakula imejaa transfoma, nyaya na masega ya chuma ya kupozea joto, na familia inakula sahani zikiwa mapajani. Sheria ya nyumba ni moja: cha mezani hakiguswi.

Jumamosi moja mkewe akachoka.

"Leo tunamaliza ubishi. Utakaa umetupa mgongo. Mama atageuza swichi, mara kisanduku chako, mara simu tupu. Ukishindwa kukitambua chako, meza inarudi kuwa meza."

"Na nikikitambua?"

"Nitakula mapajani mpaka nizeeke, na sitasema neno."

"Hilo la kutosema neno usiahidi, mwanangu," alisema mama mkwe. "Utapasuka."

Nyamazeni akaugeukia ukuta. Wimbo ukaanza kwenye spika. Nyuma yake mkewe alikuwa amepakata kitambaa kipya cha meza, kimeshapigwa pasi kabisa.

"Geuza, Mama."

Pete ya mama mkwe ikagonga ubao wa meza. Nyamazeni akainamisha kichwa, shingo imekakamaa, jasho likimtambaa nyuma ya sikio. Miaka yote ile ya kuunguza vidole, na sasa anahukumiwa na masikio yake mwenyewe.

"Geuza tena."

Pete ikagonga.

"Haya, baba," alisema mkewe, akikunjua ncha ya kitambaa. "Chako kilikuwa kipi?"

Nyamazeni akageuka kutoka ukutani.

"Hakuna."

"Hakuna vipi?"

"Yote niliyosikia ni simu. Changu hakijalia hata mara moja."

Mkewe akacheka kicheko cha mshindi. "Mama, hebu mwambie huyu."

Mama mkwe akaangalia vidole vyake. "Mimi sikugeuza kitu. Si alisema tusiguse? Kile kitu nakiogopa, kitanirusha. Nilikuwa nagonga meza tu."

Kicheko kikakatika. Kitambaa kikakunjwa upya, polepole, pembe juu ya pembe. Mkewe akamsogelea na kumtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza.

"Ulijuaje, mume wangu? Ni ule uwazi unaotuhubiriaga? Zile pumzi za mwimbaji?"

Nyamazeni akajifuta jasho.

"Changu kina mvumo," alisema. "Nimeshindwa kuutoa."