Mlango wa Lakshmi

Miaka kumi na miwili Hadassa alimpikia Mama Jyoti, mjane Mhindi wa Butembo, hata nyimbo za Diwali, sikukuu ya taa ya Kihindu, akazishika zote, yeye mwanakwaya wa Kibaptisti. Mwaka huu watoto wa mama, ambaye sasa haoni, wamekimbia vita. Jioni ya sikukuu Hadassa akawasha taa za udongo kizingitini, yeye na mama wakamwimbia Lakshmi, mungu wa baraka, kana kwamba baraka bado inaijua njia ya huku.

“Acha mulango wazi,” mama akasema. “Haingiake mu nyumba ya kufungwa.”

Kule Mbau, dada yake Hadassa aliacha mlango wazi na taa ikiwaka, akimngoja mumewe. Wauaji waliifuata taa ile.

Hadassa akazizima taa za kizingitini moja moja, akasukuma komeo taratibu, bila kukatisha wimbo.

“Amefika?”

“Amesha ingia, Mama.”